Kinu Chini ya Pikapu

Ijumaa, baada ya adhuhuri. Novemba.

Jua kali, anga haina hata wingu la kumfunika kunguru. Na bado ni mafuriko. Nimezaliwa kando ya mto huu na jambo hilo sijawahi kulizoea: vumbi linaruka madukani Garsen, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika, na huku Tana anapanda kingo zake pole pole, amebeba mvua iliyonyesha huko bara ambako sijawahi kufika. Hakuna kelele, hakuna radi. Unaamka tu, shamba la jirani linang'aa maji.

Naandika nimekaa kwenye kivuli cha gari letu. Miguu yangu na kichwa cha Elia viko chini yake kabisa. Wiki mbili nyuma hata kuku angepita hapa kwa kuinamisha shingo. Leo nimenyoosha miguu, mtoto amelala mapajani, na juu yetu nauona mwili wa gari ulivyo: mabomba, matope, na vile vipande vya mti vilivyokaa kati ya springi na ekseli kama mtu aliyebeba mzigo begani bila kulalamika.

Nyuma yangu ni maji tuliyotoka.

Tumevuka.

Wacha niandike tena ili nisadiki. Tumevuka.

Nikiahirisha kuandika, Baba Elia ataisimulia habari hii kwa namna yake, na katika namna yake mimi huwa nimo tu mwishoni, natoa chai. Kwa hiyo naandika sasa, yeye akiwa amelala chali chini ya upande ule mwingine, anagonga boliti moja moja kwa spana na kuzisikiliza.

Elia alizaliwa na mguu wa kushoto uliotazama ndani. Tangu akiwa mchanga tunampeleka Malindi. Wanaunyoosha kidogo, wanaufunga kwa plasta, ile bandeji inayoganda ikawa ngumu kama ukuta wa chokaa, halafu unarudi tena baada ya muda wanafungua, wanaunyoosha kidogo zaidi. Muuguzi aliniambia, "Hatuulazimishi, mama. Tunaubembeleza." Neno hilo nimelishika.

Lakini plasta haikui, mtoto ndiye anayekua. Kila asubuhi nabonyeza dole gumba lake linalochungulia kwenye plasta. Linakuwa jeupe, kisha damu inarudi, linakuwa jekundu. Ndivyo nilivyofundishwa. Siku hizi za mwisho damu imekuwa ikirudi kwa uvivu.

Ningeweza kuilowesha plasta na kuibandua mwenyewe. Nilionyeshwa jinsi, endapo vidole vitapoa. Ila mguu ungelegea ukarudi ulikotoka, na kubembeleza kote kwa mwaka huu kungeanza upya. Nilijiwekea mpaka: tukifika Jumamosi hatujavuka, nabandua. Sikumwambia mtu. Kila nilipopita karibu na beseni la maji nilihisi kama linanitazama.

Tulikuwa tumejaribu kuvuka mara moja. Gari letu ni pikapu iliyochoka. Imebeba ndizi, chumvi, samaki wakavu na wapwa wangu wengi kupita kiasi, mpaka springi zake zikalala kama mkeka. Tulipoingia bondeni kwenye barabara ya Malindi, tumbo la gari lilikwaruza tuta la katikati, maji yakaingia mlangoni, feni ikayarusha juu ya injini, ikakohoa. Nilimwinua Elia juu ya bega ili plasta isilowe. Baba Elia akarudi kinyumenyume, na shingo yake, kwa nyuma, niliiona imekuwa ya mtu mzee.

Kwa mtumbwi je? Nilifikiri. Lakini mto ukiwa hivi unabeba magogo na mizizi mizima, na hata ukifika salama Kau, kule chini karibu na bahari, Malindi bado iko mbali. Gari tu.

Gari liinuliwe. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa: liinuliwe vipi?

Fundi Shee ni mtu wa Kipini, na sauti yake hufika kabla yake. Alilipandisha gari kwa jeki mbele ya duka, na wanaume wa Garsen ukipandisha gari kwa jeki ni kama umewapigia ngoma. Wachuuzi wa ng'ombe wakaacha ng'ombe. Madereva wanaongoja barabara wakaacha kungoja. Kila mmoja akawa fundi. Tia matairi ya lori, alisema mmoja. Fundi Shee akamcheka: hayo yatasugua bodi kila ukikata kona, na utayatoa wapi, utayapanda kama mihindi?

Yeye alitaka kuongeza majani. Ndivyo wanavyoyaita, majani ya springi, vile vyuma virefu vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Sikuwahi kuviangalia kwa makini kabla ya siku hiyo. Chuma kinapinda, halafu kinarudi. Kinabonyezwa na mzigo mwaka mzima na bado kinakumbuka umbo lake. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nimeduwaa kama nimeonyeshwa muujiza, na labda nilikuwa nimeonyeshwa.

"Mimi nitamtia majani ya lori," alisema Fundi Shee. "Atasimama huyu! Atawapita nyinyi nyote kichwa."

"Fundi," nikasema, "litakuwa gumu?"

"Litakuwa dume!"

Wanaume wakaangua kicheko. Nikangoja kiishe.

"Sikuuliza kama litakuwa dume. Nimeuliza mtoto wangu atarushwa?"

"Mama Elia, inayorusha ni barabara. Springi haina makosa."

"Nami nakuuliza habari ya springi, si ya barabara."

Baba Elia akanitazama kwa jicho la kusema basi. Nilijua nitauliza kwa njia nyingine.

Muuguzi alinionya kwamba plasta ikipata ufa, kingo zake humla mtoto ngozi. Kutoka Garsen hadi Malindi kwa gari gumu, katika barabara ile, hata jino lililokaza hulegea. Sasa utaupimaje mtikisiko kabla ya kumpakia mtoto?

Nilikwenda kwa Halima.

Halima ni Muorma, jirani yangu, ananiletea maziwa kila asubuhi. Kiswahili chake ni cha kuokotea sokoni, na anakitumia vizuri kuliko mimi ninavyotumia changu. Anajua kutikisa maziwa. Maziwa yaliyolala anayatia kwenye kibuyu, anakitikisa magotini akiimba, mpaka siagi ijitenge. Nilimwomba kibuyu kimoja kilichojaa, cha maziwa yaliyolala, tayari kwa kutikiswa. Nikakiweka kwenye kiti cha gari, pale pale ninapokaa na Elia, nikakizungushia kanga kama ninavyomzungushia yeye.

Majani ya lori yalikuwa yameshatiwa. Gari lilikuwa limesimama kweli, siwezi kumnyima Fundi Shee sifa yake. Nikamwambia mume wangu, "Nenda mpaka yalipo maji, urudi. Mwendo ule ule utakaotupeleka Malindi."

"Na hicho?"

"Hicho ni mwanao."

Ndugu zake walikuwepo pale. Nilidhani atakataa. Akapanda.

Aliporudi jua lilikuwa limepanda, na yeye mwenyewe alishuka akishika kiuno. Halima akafungua kibuyu, akachungulia, akatumbukiza kidole. Akakitoa kimebeba donge la siagi, la manjano, zuri kabisa.

Alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

"Mimi leo hapana tikisa! Gari natikisa yote! Mama Elia, ambia bwana yako, kila asubuhi kuja kwangu, mimi nampa kazi."

Duka zima lilicheka. Fundi Shee alicheka pia, kidogo, kisha akaanza kueleza kuwa siagi ni baraka. Mimi sikucheka. Nilikiona kile kidole na nikaona mwanangu.

"Haendi," nilisema.

"Mama Elia..."

"Baba Elia, hapandi humu. Toeni majani hayo."

Nilisema pole pole, lakini nilisema mbele ya watu. Waume wengine wangenigombeza nyumbani baadaye. Yeye alikwenda akakiangalia kibuyu tena, akakilaza sikioni kana kwamba kitamwambia neno, halafu akamwambia fundi, "Toa." Sijui kama anafahamu nilivyompenda saa ile. Sikumwambia, nilikuwa na hasira.

Njia ya pili, Fundi Shee aliitoa kwa uzito, kama mtu anayekopesha shati lake. Unaacha springi zilivyo, na ulegevu wake wote. Unaweka kipande cha mti kati ya springi na ekseli, unakifunga kwa boliti ndefu zilizopinda. Gari linapanda kwa unene wa mti, lakini linabonyea vile vile lilivyokuwa likibonyea. Boliti ndefu alikuwa nazo, alizing'oa kwenye lori bovu. "Ila mti," akasema, "mti uwe mti. Ukipasuka katikati ya maji, msinitaje."

Mwembe hupasuka. Baba Elia akaleta kipande cha mtumbwi wa zamani wa baba yake, Fundi Shee akakipiga kwa ukucha tu: mti wa mtumbwi huchaguliwa uelee, si ubebe. Wakaanza kutaja milango ya watu ya kung'oa.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimejua tangu alipotamka neno mti, na nilikuwa nangoja mtu mwingine ajue ili nisiwe mimi.

Kinu.

Kinu kimechongwa kwa mkwaju, gogo zima lililosimama, na kitako chake chini ya shimo ni kigumu hakina mfano. Kimepigwa kutoka juu kila siku ya Mungu na hakijapasuka. Mimi ninacho, nilikuja nacho kwa mume, mama yangu alinipa. Na katika ukoo wa Baba Elia kinu hakikaliwi, hakipinduliwi, na hulazwa siku moja tu, siku mwenyewe anapokufa. Kukikata, hata neno lake halipo.

Nilimwambia mume wangu jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba. Akasema, "Mama atalia." Mama yake alikuwa jikoni, anachambua mchele, na kuta zetu ni za makuti.

Lazima niandike habari ya mama mkwe wangu bila kumwonea. Ni mtu mwema. Ameosha mtoto wangu kuliko nilivyomwosha mimi. Lakini tangu Elia alipozaliwa, wageni wakija, anavuta upindo wa kanga yake anaufunika mguu ule. Kwa upole, kana kwamba anamkinga na nzi. Kila mara nimeuona upindo ule ukishuka, na kila mara umeniuma. Sijawahi kumwambia. Kuna siku nilihamisha kiti ili asimfikie.

Sasa alitoka jikoni. Tukasikia kitu kinaburuzwa. Tulipochungulia, alikuwa anakisukuma kinu chake kwa mguu, kile cheusi kilichokaa pembeni pa jiko tangu kabla sijaolewa. Amekilaza. Anakibiringisha uani kama pipa, kanga imefungwa kiunoni, anahema.

Kile kinu kilikuja kwa mtumbwi siku alipoletwa kuolewa, yeye mwenyewe amekaa nyuma yake akikishika kisianguke majini. Nimesikia habari hiyo mara nyingi. Na sasa kimelala mchangani na yeye yu hai, anakipiga teke.

"Mama," nikasema, "nilisema changu."

"Nimesikia ulichosema. Chako bado kina kazi. Nani atatwanga hapa, mwanangu huyu?" Akamwonyesha Baba Elia kwa kidevu.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi namtwangia nani? Meno yenyewe yamebaki ya kuchekea." Akakaa juu ya kinu. Alikaa juu yake! Baba Elia akapiga hatua, akasimama. "Mwambieni fundi akate huku kwenye kitako. Huku juu pamekonda, nimepala mimi na mchi wangu."

Hakulia. Aliyelia simtaji.

Fundi Shee alipokiona alinyamaza, na kwa yeye hilo ni kama mwingine kupiga magoti. Akakata vipande viwili vinene na viwili vyembamba, nyuzi za mti zikiwa zimesimama kama zilivyosimama kinuni, "umeshazoea kupigwa kichwani," alisema, na kila kipande akakivika mkanda wa chuma kisipasuke. Ndani, pale msumeno ulipopita, mti ulikuwa na rangi ya nyama, na ukanukia. Nilikiokota kipande cha ubavu kilichobaki, nimekiweka.

Halafu mume wangu akakosea, na ni kosa ambalo mtu wa mto peke yake angelikosea.

Fundi Shee alikuwa ameondoka kwenda kuswali. Baba Elia hakumngoja. Aliviweka vipande vinene mbele na vyembamba nyuma. Nikamwuliza mbona hivyo, akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyelelewa mitumbwini: ukipambana na maji, pua iwe juu. Pua ikiwa chini inameza maji. Kila mtoto anajua hilo.

Nami nilikubali! Nimelelewa huko huko. Ilinielea kabisa.

Alilipitisha gari madukani likitazama mbinguni. Alikuwa hawezi kuiona barabara iliyo mbele yake, alikuwa anaona minazi. Usukani ukawa mwepesi kama ufagio, gari linakwenda linakotaka, mbuzi wanatawanyika. Msomali mwenye duka la nguo alitoka mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni.

"Yona!" alimwita mume wangu kwa jina lake. "Gari lako linaomba dua? Liambie linachokitafuta kiko huku chini!"

Fundi Shee alirudi akaliona, na alivyocheka alilazimika kushika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Yona, ndugu yangu, hii haielei. Hii inatembea! Mzigo uko nyuma, nyuma ndiko kunakozama!" Wakabadilisha: vinene nyuma, vyembamba mbele. Likasimama sawa, limeinuka, limetulia, kama ng'ombe aliyekwisha kunywa.

Nikakirudisha kibuyu kitini, Halima amekijaza tena maziwa yaliyolala.

Safari hii nilipanda nami, kibuyu mapajani, Elia akabaki na bibi yake. Tulikwenda mpaka kwenye maji tukarudi. Kila shimo nililisikia likija, likapita chini yetu, na kitini likafika dogo tu, kama mtu anayekubali kwa kichwa. Sikuwahi kujua kwamba gari lile lile, springi zile zile zilizochoka nilizozitukana mwaka mzima, zilikuwa na huruma namna hiyo. Zilikuwa zimekosa kimo tu.

Halima akafungua. Akatumbukiza kidole. Akakitoa kitupu, kimelowa maziwa.

"Siagi hapana," alisema amenuna. "Gari yako imekuwa mvivu."

Nilimkumbatia.

Leo asubuhi basi. Dole gumba lilikawia kuliko jana. Nililibonyeza mara mbili nikitumaini nimekosea, sikukosea. Nikafunga vitu.

Fundi Shee alilegeza mkanda wa feni ili isirushe maji kwenye injini, akamwonya Baba Elia asipige breki kwa nguvu, mti ni mti. Watu walikuja kutuaga, au kutazama kama tutazama, kwao ni safari moja. Mama mkwe alimshika Elia mpaka nipande. Alimpakata mbele ya watu wote, mbele ya wachuuzi na wake zao, na kanga yake ilikuwa begani. Nilingoja mkono wake uende kwenye upindo, kama ninavyongoja siku zote.

Haukwenda.

Alikishika kile kiguu cheupe mkononi, akawaonyesha wanawake wa pale. "Huyu ndiye anayekwenda Malindi," alisema. "Mguu huu."

Akanipa.

Hatukujua njia iko wapi chini ya maji. Ni ziwa tu, kutoka mti hadi mti, rangi ya chai ya maziwa. Lakini Waorma walikuwa wanahamisha ng'ombe kwenda nchi kavu, kundi kubwa, na Baba Elia akasimama akawaacha watangulie. Ng'ombe hapiti palipo laini. Anaipima ardhi kwa kwato. Wakaingia, na sisi nyuma yao, polepole, tukiifuata barabara iliyochorwa kwa pembe.

Sijui nitaandikaje hapa. Nimeandika sentensi tatu nimezifuta.

Maji kila upande na jua juu yake. Pembe, mamia ya pembe, na migongo, na sauti ya pumzi zao. Ndege weupe wamewakalia mgongoni hawana habari. Vijana wa Kiorma wanaogelea ubavuni, wanawaita ng'ombe kwa majina, kila ng'ombe na jina lake. Na sisi katikati ya yote hayo tumekaa juu ya kinu cha bibi, injini inanguruma chini kwa chini, maji yanagusa ukingo wa mlango, yanatafuta pa kuingia, hayapati. Baba Elia alikuwa anasali kwa mdomo uliofungwa. Samaki aliruka mbele ya kioo. Samaki, barabarani.

Kuna mahali nyuma ilizama, nikasikia mti ukilia. Mlio mfupi, mkavu, kama mchi ukigonga ubavu wa kinu badala ya shimo. Baba Elia hakukanyaga breki. Gari likainama, likafikiri, likainuka.

Nikamtazama Elia. Nilikuwa nimemkumbatia kwa mikono yote miwili, plasta imeinuliwa juu ya kifua changu, nimejiandaa kwa kila aina ya kilio.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, na ute wa maziwa mashavuni.

Sijalala usiku mzima tangu azaliwe, mgongo wangu unauma kwa uzito wa plasta, na kuna siku nimemwomba Mungu kwa uchovu tu, bila maneno. Lakini pale majini nilitaka njia iendelee. Nilitaka nibaki hapo, kati ya ng'ombe, mwanangu akilala, nchi yote imekuwa kioo, na sisi tumebebwa na vitu ambavyo siku zote nilivipita bila kuviangalia.

Kisha matairi yakashika mchanga mkavu, na ng'ombe wakajitikisa wakatulowesha wote.

Ndiyo tupo hapa. Baba Elia amemaliza boliti, zote zimekaza, ametoka chini akiwa na matope mpaka nyusini. Anasema kipande kimoja cha nyuma kina ufa mdogo lakini mkanda wa chuma umekishika. Amekaza mkanda wa feni, injini imekauka. Anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni habari ya gari. Amefurahi.

Jioni tutakuwa Malindi. Kesho watafungua plasta, na mimi nitauona mguu. Kila mara naogopa kuuona, na kila mara umekuwa umenyooka kidogo kuliko nilivyouacha.

Tukirudi, kinu changu nitakihamishia kwenye jiko la mama mkwe, tutwange pamoja, yeye mchi wake na mimi wangu. Nitamlazimisha. Hapana. Nitambembeleza. Na nikishapata ujasiri nitamwambia habari ya kiti nilichokihamisha, au labda anaijua.

Nimelibonyeza dole gumba tena. Limekuwa jeupe.

Nimelitazama, nimelitazama.

Damu inarudi.